Fidia ya Samaki Waliokufa

Tiswahin aliletwa ukingo huu wa mto Furati juu ya trela la trekta, akiwa mtoto bado, amekalia mikeka ya matete, na miguuni pake amelala nyati jike wa mwisho wa baba yake. Maji ya kwao vinamasini yalikuwa yamekaushwa, na palipokuwa pakipita mitumbwi sasa yakapita malori. Nyati yule hakumaliza hata msimu. Kiu ya kuogelea ilimpeleka kwenye mfereji wa watu, akabomoa kingo, wenye shamba wakampiga risasi. Baba mtu akamchuna huku machozi yakimdondoka kwenye ndevu. Basi ndivyo maisha yao mapya yalivyoanza, kwa kula nyama ya kile kilichokuwa kikiwalisha maziwa.

Wenyeji waliwaita Maadani. Huko walikotoka hilo lilikuwa jina la watu; hapa lilikuwa tusi. Shuleni watoto walishika pua akipita. Siku moja binti wa mwalimu alimziba yeye pua yake kwa vidole, eti amsaidie asijinuse, na Tiswahin, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemparia mama yake samaki, akampaka kiganja chote shavuni. "Haya," akamwambia, "sasa tunanuka wawili." Alichapwa mpaka fimbo ikavunjika. Shule ikaishia hapo, lakini ulimi ulibaki.

Aliolewa na Dakhil, mtu wa vinamasi kama yeye, mpole, mtu wa kusema neno moja mchana na jingine usiku. Dakhil alikuwa mlishaji wa samaki katika vizimba vya Haji Razuki. Vizimba vyenyewe ni nyavu za mraba zilizofungwa kwenye mapipa yanayoelea mtoni, na ndani yake wanafugwa karpi, wale samaki wanene wa magamba makubwa ambao watu wa nchi hii huwapasua mgongoni na kuwasimamisha kando ya moto mpaka mafuta yachuruzike. Haji alikuwa na vizimba vingi kuliko mtu yeyote ukingoni. Karpi waliujua mlio wa kafi la Dakhil. Akitokea tu, maji yanachemka.

Kila Alhamisi Haji aliwaachia wafanyakazi samaki wasiouzika: waliodumaa, waliochubuka, na vichwa vya wale waliochinjwa kwa ajili ya migahawa. Dakhil alivibeba vichwa hivyo kwa gunia mpaka makazini kwao, nyumba kumi na moja za matofali ya udongo na mabati, ukoo mmoja, na hakuna nyumba iliyolala na chungu kikavu. Tiswahin alivipika kwa ndimu kavu na ukwaju, akakanda mkate wa unga wa mchele, watoto wakanyonya macho na mifupa mpaka ikawa myeupe kama shanga. Daktari wa zahanati aliwahi kuuliza kwa nini watoto wa Maadani wana mifupa migumu kuliko wa wenye mashamba. Tiswahin akamjibu, "Kwa sababu wa kwenu wanakula biskuti."

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Nwayra, akarefuka kumpita baba yake. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, wanaume kibandani kwa chai walimwita Dakhil "Abu Ghayib", yaani baba wa yule asiyekuwepo. Yeye aliitika tu, kama vile ni jina alilopewa na mamake. Mkewe hakuitika. "Asiyekuwepo ni akili yako," alimwambia Ghazwan, mpwa wa Haji, mbele ya watu, "maana kichwa kipo." Watu wakacheka. Ghazwan hakucheka, wala hakusahau.

Mwaka Nwayra alipotimiza kumi na tisa, Haji alinunua vifaranga wa karpi kwa mfanyabiashara mgeni, kwa bei ya kutupa. Muda si mrefu Dakhil alirudi nyumbani, akala nusu ya chakula chake, akakisukuma.

"Wale vifaranga si wazima," akasema. "Matamvua yao yamekuwa meupe. Yanamenyeka kama ngozi ya kidonda."

"Umemwambia Haji?"

"Nimemwambia. Kasema niwafukie wanaokufa kule kwenye matete, na mtu asijue."

"Basi wafukie."

"Mama Nwayra, mto ni mmoja. Maji yanayotoka kwetu ndiyo yanayoingia kwa majirani."

"Majirani gani? Hao wanaokuita Abu Ghayib?" Tiswahin alimrudishia sahani mbele yake. "Fukia, ufunge mdomo. Haji ndiye anayetulisha, si mto."

Dakhil akafukia, akafunga mdomo. Si kazi ngumu kwa mtu wa aina yake.

Joto la kiangazi lilipovunjika, karpi wakaanza kuelea. Mwanzo wachache, wakizungukazunguka juu ya maji kama walevi. Kisha kizimba kizima. Kisha vizimba vya jirani, na vya jirani wa jirani, mpaka mto ukawa mweupe kwa matumbo kutoka ukingo huu hadi ule. Watu walisimama darajani wakitazama. Kulikuwa na mtu aliyeuza gari akaweka fedha zote majini, na mwingine aliyeweka dhahabu ya harusi ya mkewe, na sasa vyote vilikuwa vikizolewa kwa tingatinga na kufukiwa shimoni kwa chokaa. Harufu iliingia hata kwenye unga.

Mtu akipata hasara ya namna hiyo hataki kusikia kwamba ni bahati mbaya. Wapo waliosema ni mkono wa nchi jirani, wapo waliosema ni wafanyabiashara wanaoleta samaki wa barafu kutoka nje. Lakini nchi jirani iko mbali, huwezi kuifuata ukaipiga. Siku ya tatu jina likapatikana. Nani anaingia vizimbani kila siku na gunia mkononi? Nani alionekana akifukiafukia vitu kwenye matete? Abu Ghayib. Mtu wa vinamasi, mwenye wivu na walio na mali.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, kundi zima, Ghazwan mbele.

"Abu Ghayib! Toka!"

Dakhil akatoka, mikono imelowa, alikuwa akitawadha.

"Umetia nini majini?"

"Chakula. Kama siku zote."

"Chakula gani? Cha kwenu vinamasini, cha kuulia panya?"

"Ghazwan, mwanangu, mimi nilikulishia hata samaki wako ulipokuwa safarini."

"Usiniite mwanao. Wewe huna mwana."

Kofi la kwanza lilimwangusha. La pili na la tatu hakuna aliyehesabu. Kisha mtu mmoja, kijana wa duka la simu ambaye hakuwa na hata samaki mmoja mtoni, akatoa wazo, na wazo likawafurahisha wote. Wakaleta karpi kutoka kwenye lundo, aliyevimba, jicho limekuwa jeupe, wakamtupa mavumbini mbele yake.

"Unasema si sumu," akasema Ghazwan. "Kula basi."

Dakhil aliinua uso akamtafuta Haji Razuki. Haji alikuwepo. Alisimama nyuma, kando ya gari lake, tasbihi mkononi.

"Haji," Tiswahin akapaza sauti kutoka mlangoni, "sema neno. Wewe unajua."

Haji aligeuza macho mtoni. "Mama Nwayra, watu wana uchungu," akasema taratibu. "Waache wapoe."

Kwa hiyo Dakhil akala. Alianza na mgongo, nyama ikitoka yenyewe kama uji. Simu ziliinuliwa kumpiga picha. "Na tumbo!" mtu akapiga kelele, na watoto wakadakia, "Na tumbo! Na tumbo!" Akala na tumbo. Alipotapika walimwambia aanze upya, akaanza upya. Nwayra alitaka kukimbilia pale, mama yake akamfumbata kwa mikono miwili akamrudisha ndani, akabana mlango kwa mgongo, na yeye mwenyewe akatazama mpaka mwisho, kwa kuwa aliona mtu mmoja wa nyumba ile lazima atazame.

Halafu wakakaa kungoja afe. Walikaa kabisa, kwenye ukuta wa mfereji, wakavuta sigara, wakagawana mbegu za maboga. Jua likashuka. Dakhil alikuwa amelala ubavu, akihema, akiwa hai.

"Hafi huyu," mzee mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kuona haya.

"Si nilisema?" Ghazwan akainuka akakung'uta makalio. "Nyoka hafi kwa sumu yake. Amekunywa dawa kabla."

Na hiyo ndiyo ikawa habari ya mji: kwamba Maadani alikula samaki wa sumu mbele ya watu na hakufa, na kama hiyo si hatia, hatia ni nini? Na kama angekufa, wengi wangesema alikuwa na hatia vilevile. Lakini hakufa. Walimvunja mbavu mbili, wakauchoma mtumbwi wake, wakaenda kuswali magharibi.

Baada ya wiki moja hema likasimamishwa. Katika nchi hii mambo makubwa hayaishii polisi. Huishia hemani, kwa wazee, kwa kahawa. Upande mmoja walikaa wenye vizimba. Upande wa pili alikaa Mutashar, kaka yake Dakhil na mkubwa wa zile nyumba kumi na moja, pamoja na wanaume wao wachache waliovaa kanzu za kuazima. Kati yao alikaa Sharifu mmoja wa kilemba cheusi, aliyeitwa apatanishe. Wanawake walikuwa nyuma ya hema, wakioka mkate na kuchemsha chai, na Tiswahin akajipatia tundu kwenye pazia.

Kahawa ililetwa. Mutashar akaipokea, akaiweka chini bila kuinywa, kama ifanyavyo desturi: mwenye haja hanywi mpaka haja yake isikilizwe.

Dakhil akaruhusiwa kusema. Akasema maneno mengi kuliko alivyowahi kusema maishani. Alisema vifaranga waliletwa wagonjwa, kwamba aliona matamvua, kwamba alimwambia Haji na Haji akamwamuru afukie. Alipomaliza, wenye vizimba walimgeukia Haji Razuki, na kwa mara ya kwanza macho yao hayakuwa ya rafiki. Maana kama yule mtu anasema kweli, basi waliowaua samaki wao ni vifaranga wa Haji, na anayepaswa kuwalipa wote ni Haji, na asingebakiwa hata na kandambili.

"Haji," akasema Sharifu, "utaapa?"

"Nitaapa."

"Kwa Abbas?"

Watu wa huku huweza kuapa uongo kwa Mungu, kwa kuwa Mungu ni mwingi wa subira. Kwa Abbas, yule shahidi aliyezikwa Karbala, hakuna anayethubutu. Abbas hana subira. Kila mtu pale alikuwa na habari ya mtu aliyeapa uongo kwa Abbas, taya likapinda papo hapo, au macho yakapofuka kabla hajafika kwake. Haji Razuki akasimama. Akarekebisha joho mabegani, akanyoosha mkono.

"Kwa haki ya Abbas," akasema, "vifaranga wangu walikuwa wazima, na mtu huyu hakuniambia neno."

Tiswahin alimtazama taya kupitia tundu. Alilitazama bila kupepesa, akiomba, akiamuru. Nyuma yake mkate uliungua na hakuna mwanamke aliyeugeuza. Taya la Haji lilikuwa palepale lilipokuwa. Akakaa, akaomba maji, akanywa, hata hakupaliwa.

Baada ya hapo hapakuwa na shauri tena. Hukumu ilikuwa mbili, wachague: nyumba kumi na moja zibomolewe na ukoo wote uondoke wilayani kabla ya mwisho wa mwezi, au kitolewe kile walichokuwa wakitoa wazee wa zamani, binti awe fidia, aolewe katika nyumba ya Haji, damu zichanganyike, ugomvi ufe. Wenye vizimba wengine wakasema Haji akiridhika nao wameridhika. Sharifu alikunja uso, akasema serikali imekataza jambo hilo na dini hairidhii msichana kuolewa kwa nguvu. Wakamjibu hakuna nguvu hapa, watu wamepewa hiari. Sharifu akainua kilemba chake akaondoka, na hema likabaki bila yeye.

Mutashar alizunguka nyuma ya hema.

"Shemeji."

"Usiniite shemeji."

"Nyumba kumi na moja, Tiswahin. Twende wapi? Tulikotoka hakuna maji, na hapa mbele hakuna anayetujua."

"Una mabinti watatu. Toa mmoja."

"Hawakumtaka wangu. Wamemtaja Nwayra, kwa jina."

"Amuoe nani?"

Mutashar akatazama viatu vyake. "Ghazwan."

Tiswahin alicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyechomwa na sindano. Akawageukia wanawake. Walikuwa wake wa shemeji zake na wa binamu zao, watu aliopika nao na kuzika nao. Mmoja alikuwa akinyonyesha. "Dada," akasema yule, bila kuinua macho, "wewe unaye mmoja. Sisi wetu ni wengi." Alimaanisha nini, labda hata mwenyewe hakujua, lakini wengine wote walitikisa vichwa kwamba ni kweli. Akatazama kule alikokuwa Dakhil. Alikuwa amekaa kwenye kona ya hema, kichwa katikati ya magoti, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Angeweza kukataa. Hilo alilijua wakati ule na alilijua siku zote baadaye. Angeweza kusema bomoeni, twendeni, tufe njiani. Lakini aliliona lile trela la utotoni mwake, na miguu ya baba yake ikining'inia nyuma, akachoka ghafla, uchovu wa watu wengi.

"Mchukueni," akasema.

Alipogeuka, Nwayra alikuwa nyuma yake, ameshika sinia la mikate. Hakulidondosha. Alilishusha chini polepole, akaisawazisha mikate iliyoteleza, akaenda zake nyumbani. Mutashar akarudi hemani, akainua kikombe chake cha kahawa, akanywa.

Bibi harusi wa fidia haendi na ngoma. Hapakwi hina, hapewi mahari, hasindikizwi na gari. Nwayra alikwenda kwa miguu, Ijumaa, na gauni la nyumbani, akifuatana na ami yake Mutashar. Mama yake alitaka kumfunga kitambaa chake kichwani. Nwayra akakwepa kichwa kama anayekwepa mdudu. Mlangoni kwa Haji alikuwa akingoja Bi Fakhriya, mama wa Ghazwan.

"Mkagueni mifukoni," akasema Bi Fakhriya kwa sauti ya kusikika barabarani. "Asije na sumu ya baba yake." Wakamkagua, wakamwingiza kwa mlango wa jikoni.

Katika nyumba ile hakuitwa kwa jina. Aliitwa Fidia. Fidia, chai. Fidia, kuni. Fidia, yale matumbo ya samaki yanangoja nani? Alikula baada ya watumishi. Ghazwan alimpiga mwezi wa kwanza kwa sababu ya samaki wake waliokufa, na mwezi wa pili kwa sababu ya ule utani wa Tiswahin kibandani, akimrudishia maneno yaleyale: "Kichwa kipo, eti? Haya, nacho hiki chako kipo?" Habari hizi zilimfikia Tiswahin kwa wanawake wauza maziwa, ambao hawakuwahi kusahau kipengele hata kimoja.

Kabla baridi haijaisha, wataalamu wa serikali walisema katika televisheni kwamba hapakuwa na sumu. Ulikuwa ugonjwa, ugonjwa wa karpi peke yao; ndiyo maana kambare na samaki wadogo wa mto hawakudhurika, na mtu aliyemla karpi hakupata neno. Kibandani kwa chai wanaume walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Mwingine akasema, "Zamu ya nani?" Wakaendelea na dhumna.

Tiswahin alivaa abaya lake akaenda moja kwa moja kwa Haji Razuki. Alimkuta uani akikagua nyavu mpya.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia. Tumshukuru Mungu, mumeo ametakasika."

"Nipe binti yangu."

Haji alimtazama kwa kitu kilichofanana na huruma. "Binti yako ni mke wa mtu, Mama Nwayra. Mke harudishwi kama sufuria. Na ana mimba, hawajakwambia?"

Hawakuwa wamemwambia.

"Basi nitasema," akasema Tiswahin. "Nitakwenda kwa kila mwenye kizimba, nyumba kwa nyumba. Ugonjwa ulitoka wapi, Haji? Uliletwa na vifaranga wa nani? Nitawaonyesha pale kwenye matete walipofukiwa. Sasa wataniamini."

"Sasa watakuamini," Haji akakubali. "Watakuja hapa na mafuta ya taa na bunduki. Mimi nitachukua gari niende zangu Karbala. Na humu ndani watamkuta nani?" Akaokota uzi uliofumuka kwenye wavu, akauvuta taratibu. "Nani yumo humu, Mama Nwayra, na tumboni mwake yumo nani?"

Hapo ndipo Tiswahin alipoelewa kwa nini hawakuwataka mabinti wa Mutashar. Hawakuwa wamechukua mke. Walikuwa wamechukua ulimi wake, wakauweka ndani ya nyumba yao, mahali ambapo akitaka kuutumia itambidi auchome kwanza. Haji akamwambia mtu amletee maji. Akayanywa, akaenda.

Vizimba vilijazwa vifaranga wapya, wazima safari hii, na Dakhil akaitwa kazini. Akaenda. Haji alikuwa amefuta vile vichwa vya Alhamisi, akasema hasara imekuwa kubwa, lakini mshahara ulikuwepo, na kazi nyingine haikuwepo. Tiswahin alimngoja siku ile ya kwanza, akamwekea mkate na bamia bila kitoweo.

"Umewalisha?" akamuuliza.

"Nimewalisha."

"Wamekula vizuri?"

"Mama Nwayra..."

"Siku ile ungekufa," akasema, "ungekufa tu pale mavumbini kama mwanamume, wangeridhika. Damu kwa samaki. Binti yangu angekuwa hapa."

Dakhil alitafuna alichokuwa nacho mdomoni, akameza, akanawa mikono. Kuanzia hapo alilala kwenye kibanda cha walinzi kule vizimbani, akaleta fedha kila mwezi na kuiacha dirishani. Hawakugombana tena. Alikufa baada ya miaka minne, kwa kifua, na waliombeba walisema jeneza lilikuwa jepesi mno.

Nwayra alizaa mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume hubadili mambo: wakaacha kumwita Fidia, wakamwita Mama Haidar. Bi Fakhriya alipopooza upande mmoja, nyumba ilibaki haina mkono, na Nwayra akawa mkono. Alikuwa amekua kwenye samaki, alijua nani anapara vizuri na nani anaficha mayai ya samaki kifuani. Haji akaona faida, akampa ule ua wa kutumbulia samaki wa migahawa, wanawake ishirini na visu vyao, naye Nwayra akawasimamia kwa namna ambayo hata Ghazwan alimwogopa. Wengi wa wanawake wale walikuwa Maadani kutoka zile nyumba kumi na moja. Mabinti watatu wa Mutashar walikuwemo. Hakuwaonea zaidi ya wengine. Aliwatazama tu kama asiyewajua, na wakichelewa hata kidogo aliwafungia mlango.

Mumewe alipokufa, Tiswahin alikwenda kusimama kwenye mstari wa wanaoomba kazi. Zamu yake ilipofika, Nwayra alikuwa akijaribu makali ya visu kwenye ukucha wa kidole gumba, kimoja baada ya kingine.

"Jina?"

"Unalijua."

"Hapa kila mtu namuuliza."

"Tiswahin binti Zghayir."

"Umewahi kupara samaki, Tiswahin binti Zghayir?"

Kulikuwa na kicheko nyuma yake kwenye mstari, kikazimika.

"Nimewahi."

"Kaa kule mwisho, karibu na mtaro. Kisu ni cha hapa, jioni unarudisha."

Alikaa mwisho, karibu na mtaro, ambapo maji machafu ya wote hupita miguuni. Siku za kwanza alidhani ni adhabu, na adhabu ina mwisho. Alingoja. Alileta mkate wa mchele siku moja, umefungwa kwa kitambaa, ukiwa moto bado, akauweka kwenye kiti cha Nwayra. Nwayra akaufungua, akawagawia wafanyakazi wote sawasawa, na kipande kimoja akampelekea na yeye. Mtoto Haidar alipita uani mara nyingi, ana miguu mirefu ya mama yake. Alimwita Tiswahin "hala", yaani mama mdogo, kama alivyowaita wanawake wote.

Mara moja tu walizungumza. Wengine walikuwa wametoka kwenda kuswali, na Tiswahin akabaki na ndoo yake.

"Nilikuwa na nyumba kumi na moja mgongoni," akasema, kwa ndoo zaidi kuliko kwa mtu. "Watoto wale wote."

Nwayra alikuwa akihesabu vibuyu vya chumvi. Alimaliza kwanza. "Najua," akasema. "Ningekuwa wewe ningesema vilevile. Nimelifikiria sana jambo hilo, mama, nilikuwa na muda. Mtu mmoja kwa nyumba kumi na moja ni biashara nzuri." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama tangu hema lile, na alilisema neno hilo bila ukali, kama mtu anayetaja jina la mtaa alikowahi kukaa. "Ila sitaki kukuona ukilia hapa kazini. Yanaingia kwenye samaki."

Tiswahin hakulia. Alifuta pua kwa mkono wa nguo, akainamia ndoo.

"Na huyo mkononi mwako," Nwayra akasema akiondoka, "hajatoka nyongo. Rudia."

Akarudia. Alifanya kazi pale miaka mingi, mpaka macho yakafifia akawa anajikata vidole na kutia samaki wa wateja damu. Siku moja Nwayra alimwita, akamlipa hadi siku ya mwisho bila kumpunja, akakichukua kisu, akakifuta kwa majivu, akampa mwanamke mwingine aliyekuwa akingoja mlangoni.